Nani Alimbembeleza Mtoto? Wimbo wa “Duerme Negrito” kutoka Mpakani hadi kwenye Santuri

Ikisiri

Makala hii inafuatilia safari ya “Duerme negrito”, wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mwanamuziki wa Ajentina, Atahualpa Yupanqui, aliupata katika eneo la mpaka wa Kolombia na Venezuela, na ambao baadaye ulirekodiwa na Daniel Viglietti, Víctor Jara, Mercedes Sosa na wengine wengi. Hoja kuu ni kwamba aliyepotea katika historia ya wimbo huu hakupotezwa na studio wala na soko la santuri. Alipotea siku ile wimbo ulipochukuliwa bila jina lake kuandikwa, na sheria za kulinda sanaa za jadi zilizotungwa baadaye, zikiwamo za ukanda wetu, bado hazijampa nafasi ya kurudi. Makala inapendekeza kuwa haki ya mtumbuizaji itangulizwe katika sera za ukusanyaji wa bembezi Afrika Mashariki.

Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili hawakosi majina ya wimbo anaoimbiwa mtoto ili alale. Mulokozi, katika uainishaji wake wa mwaka 1989, anauita bembea au pembejezi. Vitabu vya shule nchini Kenya vinapendelea bembelezi au bembezi. Na kwa majirani zetu wa Rwanda kuna ibihozo. Majina yote haya yanatokana na kitendo, yaani kubembea, kubembeleza, kutuliza. Hakuna hata moja linalomtaja mtendaji. Pengo hilo tumelijaza kwa mazoea: tunaandika kuwa bembezi ni nyimbo ambazo mama humwimbia mwanawe, kisha tunaendelea na uchambuzi wa takriri na taswira kana kwamba suala la mwimbaji limekwisha. Lakini yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kiafrika anajua kuwa mtoto hubembelezwa na dada yake wa miaka minane, na bibi, na shangazi, na yaya anayelipwa, na jirani aliyeombwa amtazame mtoto kidogo.

Wimbo unaojadiliwa hapa umejengwa juu ya ukweli huo. Nimeuchagua wimbo wa mbali kwa makusudi. Historia yake ya kurekodiwa ni ndefu na iko wazi, waliouimba ni watu wa kumbukumbu ya umma, na bara lake ndilo lililoanzisha mjadala wa kimataifa ambao leo unaamua namna serikali zetu zinavyoshughulikia nyimbo za jadi.

Wimbo na mlezi wake

Maudhui ya “Duerme negrito” yanaelezeka kwa maneno machache. Mtoto mdogo mweusi anaambiwa alale, kwa sababu mama yake yuko shambani. Akilala, mama atamletea vitu vizuri: nyama ya kware, matunda mabichi, nyama ya nguruwe, na vingine vingi. Asipolala, atakuja shetani mweupe na kumla mguu. Baada ya ahadi na tishio, wimbo unageuka. Mwimbaji anasimulia hali ya mama huyo kule shambani: anafanya kazi ngumu, anafanya kazi wala halipwi, anafanya kazi huku akikohoa, amevaa nguo za msiba. Yote hayo, wimbo unasema, anayafanya kwa ajili ya mtoto wake.

Ahadi na tishio ni mali ya bembezi za dunia nzima, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuweka zimwi mahali pa shetani bila kuharibu chochote. Weupe wa shetani ndio unaoupa wimbo huu anwani yake. Katika nchi ambazo babu za watu weusi waliletwa kwa minyororo ili walime mashamba ya wengine, mla watoto ana rangi ya mwenye shamba. Hata hivyo, jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka ni sarufi ya wimbo: mama anazungumziwa katika nafsi ya tatu. Yeye siye anayeimba. Anayeimba ni mtu mwingine aliyebaki na mtoto, anayejua kuwa mama hajalipwa na ambaye amekisikia kikohozi chake. Mtoto mchanga haelewi habari za ujira. Basi sehemu ile ya pili haisemwi kwa ajili yake. Inasemwa juu ya kichwa chake, kwa yeyote mwingine aliyepo karibu, au pengine mwimbaji anajisemea mwenyewe. Bembezi hii ni ushahidi wa kazi ya wanawake wawili, mmoja shambani na mwingine nyumbani, na hakuna aliyelipwa kati yao.

Mkusanyaji

Atahualpa Yupanqui ni jina la usanii. Alizaliwa Héctor Roberto Chavero mwaka 1908 katika jimbo la Buenos Aires, akazunguka Ajentina na nchi jirani kwa miaka mingi akisikiliza na kujifunza nyimbo za wafanyakazi wa mashambani, na akafariki Nîmes, Ufaransa, mwaka 1992. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti katika miaka ya 1940, alisumbuliwa na serikali ya Perón, na mwaka 1950 Édith Piaf alimfungulia milango ya majukwaa ya Paris. Kuhusu “Duerme negrito” alieleza kuwa si utungo wake: aliupata katika eneo la mpaka kati ya Kolombia na Venezuela, upande wa Karibi, miongoni mwa watu weusi wa huko. Maelezo hayo ndiyo hati pekee ya kuzaliwa ya wimbo huu. Hayana jina la kijiji, hayana jina la mwimbaji.

Si haki kumsuta mkusanyaji wa zama zile kwa vigezo vya leo. Yupanqui hakuwa na chombo cha kurekodia mabegani. Alikuwa na gitaa na masikio, na bila yeye huenda wimbo usingevuka bonde lake. Aliutaja mpaka, aliwataja watu weusi, na hilo ni zaidi ya walilofanya wengi. Lakini kuna jambo katika maisha yake linalofaa kukumbukwa na mtafiti wa suala hili. Nyimbo nyingi zinazojulikana kuwa za Yupanqui zilitungwa pamoja na mkewe, Antoinette Paule Pepin Fitzpatrick, mpiga piano aliyeitwa Nenette na marafiki. Kwenye santuri na kwenye sajili za hakimiliki, Nenette anaonekana kwa jina la kiume, Pablo del Cerro. Ikiwa mwanamke aliyesoma muziki na kuishi nyumba moja na msanii alilazimika kujificha nyuma ya jina la mwanamume ili kazi yake ipokelewe, yule wa mpakani aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa na nafasi gani ya kuandikwa?

Hapa pia inafaa kuondoa mkanganyiko unaojirudia. “Duerme negrito” si “Drume negrita”, bembezi maarufu ya Kuba. Hiyo ya pili ina mtunzi anayejulikana, Eliseo Grenet, na historia yake ni nyingine kabisa.

Kutoka susu hadi jukwaani

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wimbo uliingia mikononi mwa kizazi cha harakati zilizoitwa Wimbo Mpya. Nchini Ajentina harakati hizo zilitangazwa kwa ilani iliyotolewa Mendoza mwezi Februari 1963, na Mercedes Sosa alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Nchini Urugwai alikuwapo Daniel Viglietti. Nchini Chile, Víctor Jara. Wote watatu walirekodi “Duerme negrito”. Muziki wenyewe haukubadilika sana kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kilichobadilika ni msikilizaji: mtoto aliondoka, wakaingia watu wazima.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Jara. Aliuweka wimbo huu katika santuri yake ya mwaka 1969, Pongo en tus manos abiertas. Katika santuri hiyohiyo kuna wimbo wa Viglietti unaotaka nyua za mabwanyenye wa ardhi zing’olewe, na kuna wimbo wa Jara mwenyewe unaouliza maswali kuhusu mauaji ya Puerto Montt, ambako mwezi Machi mwaka huo polisi waliwafyatulia risasi watu wasio na makao waliokuwa wamejenga vibanda kwenye ardhi isiyo yao. Bembezi ikiwekwa katikati ya majirani wa namna hiyo haihitaji kubadilishwa neno. Msikilizaji aliyetoka kusikia habari za ardhi na risasi anapofika kwenye mama asiyelipwa anayekohoa, anajua yuko wapi. Jara alikuwa mwelekezaji wa tamthilia kabla hajawa mwimbaji maarufu, na mpangilio wa santuri hiyo ni kazi ya mtu anayejua jinsi onesho moja linavyobadilisha maana ya linalofuata.

Lakini kuna sababu nyingine, ya karibu zaidi na nyumbani. Amanda, mama yake Jara, alikuwa mwimbaji wa kijijini aliyealikwa kwenye harusi na kwenye mikesha ya watoto wachanga waliofariki. Baadaye alihamia Santiago na kujitafutia riziki sokoni, akitoka alfajiri na kuwaacha watoto. Sosa naye, mzaliwa wa Tucumán mwaka 1935, alikuwa binti wa kibarua wa sekta ya sukari na wa mama aliyefulia watu nguo. Wasanii hawa walipouimba “Duerme negrito” hawakuwa wakiigiza huruma kwa maskini wa mbali. Walikuwa watoto wa yule mama wa nafsi ya tatu. Kwa maoni yangu hili ndilo linaloeleza kwa nini wimbo ulipata nguvu hasa kwao, kuliko katika rekodi nyingi nzuri zilizofuata. Katika sauti nzito ya Sosa tishio la shetani linapita karibu kama mzaha, ilhali orodha ya taabu za mama inatolewa kwa uzito wa shahidi mbele ya hakimu.

Yaliyowapata yanajulikana. Viglietti alifungwa mwaka 1972, kisha akaishi uhamishoni hadi mwaka 1984. Jara aliuawa Santiago siku chache baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973, na rekodi zake nyingi zilisalimika kwa sababu mjane wake, Joan, alizitoa nje ya nchi. Sosa alikamatwa jukwaani La Plata, akaenda Ulaya mwaka 1979 na kurejea mwaka 1982. Kwa miaka hiyo wimbo uliimbwa kwenye kumbi za wahamishwa, na maana ya mama aliye mbali na mtoto wake ikapanuka tena: sasa aliye mbali alikuwa mwimbaji mwenyewe, na mtoto alikuwa nchi. Mwaka 2018 Natalia Lafourcade wa Meksiko aliurekodi katika juzuu la pili la Musas, akiwa na wapiga gitaa wawili wazee, Los Macorinos. Hapo wimbo umerudi kuwa laini. Ni urithi mzuri wa bara, na makali ya ujira yamepungua. Sioni kosa katika hilo. Bembezi ina haki ya kuwa tamu.

Jina kwenye lebo

Mwanahistoria wa muziki hana budi kusoma lebo ya santuri kama anavyosoma hati. Lebo za “Duerme negrito” hazikubaliani. Katika baadhi ya matoleo Yupanqui anatajwa kama mtunzi. Katika mengine ni mkusanyaji au mpangaji. Katika mengine wimbo umeandikwa kuwa ni wa jadi. Tofauti hiyo si ya adabu tu. Mtunzi hulipwa mirabaha, na mpangaji hulipwa kwa kiasi alichoongeza. Jadi hailipwi.

Amerika ya Kusini ilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 1970 Paul Simon alitoa “El cóndor pasa” akiamini kuwa ni wimbo wa zamani usio na mwenyewe. Kumbe ulitungwa na Daniel Alomía Robles wa Peru mwaka 1913, na ukawa umesajiliwa Marekani mwaka 1933. Mwezi Aprili 1973 serikali ya Bolivia iliiandikia UNESCO barua ikitaka nyimbo za jadi zilindwe kimataifa. Mtafiti Valdimar Hafstein, aliyeichunguza barua hiyo na mapokeo yanayoihusisha na wimbo wa Simon, ameonesha kejeli iliyomo: mfano unaotajwa kila mara kuhusu wimbo wa umma ulioibwa ni wimbo wenye mtunzi, tena wa nchi jirani, na barua yenyewe ilitoka kwa serikali ya kijeshi iliyowakandamiza watu wa asili ambao sanaa yao ilidai kuitetea. Kutokana na mjadala uliofuata tulipata vielelezo vya sheria vya UNESCO na WIPO vya mwaka 1982, na baadaye Mkataba wa Urithi Usioshikika wa mwaka 2003.

Kabla ya hapo, marekebisho ya Stockholm ya mwaka 1967 yalikuwa yameongeza katika Mkataba wa Berne ibara ya 15(4). Ibara hiyo inahusu kazi ambayo haijachapishwa na ambayo mtunzi wake hajulikani, lakini ambaye kuna kila sababu ya kudhani kuwa ni raia wa nchi fulani mwanachama. Nchi hiyo inaweza kuteua mamlaka ya kumwakilisha. Tuiweke “Duerme negrito” mbele ya ibara hii. Mwimbaji wa mpakani ni raia wa Kolombia au wa Venezuela? Hati pekee tuliyo nayo inasema “mpakani”, na mpaka si uraia. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mtu asiyejulikana inamtaka kwanza awe na pasipoti.

Upande wetu wa bahari

Wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) walilitazama tatizo la mipaka kwa macho mapana zaidi. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa tarehe 9 Agosti 2010 na kuanza kutumika mwaka 2015, inatambua kuwa maarifa na sanaa za jadi huvuka mipaka ya nchi, na inalipa shirika nafasi ya kushughulikia hali hiyo. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia. Kenya ina Katiba ambayo katika ibara ya 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na ina Sheria Na. 33 ya mwaka 2016 inayotekeleza azma hiyo. Kwa eneo lenye Wamaasai, Waluo, Wasamia na Wanyamulenge, watu ambao nyimbo zao hazikuulizwa zilipochorwa ramani, hatua hizi ni za maana.

Hata hivyo, zote zinazungumza na jamii. Mwenye haki ni jamii, mwakilishi ni kamati au mamlaka, na fedha zikipatikana huingia kwenye mfuko. Kwa ngoma ya jando au wimbo wa kutawaza mfalme, utaratibu huo unaeleweka, kwa kuwa jamii hukutana kuutekeleza wimbo. Bembezi haina mkutano. Huimbwa na mtu mmoja, ndani, mara nyingi usiku, naye hubadilisha maneno kadiri ya siku ilivyokwenda. Msichana wa kazi mjini Kampala au Bukavu anayembembeleza mtoto wa mwajiri wake kwa wimbo wa bibi yake, akiongeza ubeti wa mshahara uliocheleweshwa, ni wa jamii gani katika tendo hilo? Jina la msanii maarufu lilimfunika mlezi mara ya kwanza. Jina la jamii linaweza kumfunika mara ya pili, safari hii kwa nia njema.

Kuna mlango ambao haujatumiwa vya kutosha. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulimlinda mtumbuizaji wa kazi za fasihi na sanaa, bila kutaja sanaa za jadi. Mkataba wa WIPO wa Maonesho na Rekodi za Sauti wa mwaka 1996 ulilirekebisha hilo: fasili yake ya mtumbuizaji inamjumuisha waziwazi anayetumbuiza sanaa za jadi. Kwa fasili hiyo, mlezi anayerekodiwa kwa simu na mtafiti wa chuo kikuu ana haki katika onesho lake, ikiwamo haki ya kutajwa, hata kama hakuutunga wimbo na hata kama jamii yake haijasajili chochote. Haki hiyo haishindani na haki ya jamii, zinakaa pamoja. Lakini haiwezi kudaiwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Kwamba kuandika jina kuna faida tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”, wimbo kuhusu mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers ambaye santuri zake ziliwafikia hadi vijijini. Tracey alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na mengi yamesemwa kuhusu mtazamo wake. Lakini alikuwa na nidhamu ya kuandika: mahali, mwaka, lugha, ala, na kiongozi wa waimbaji, Chemutoi Ketienya. Wenzake Chemutoi walibaki kuwa “wasichana wa Kipsigis” tu. Zaidi ya miaka sitini baadaye, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha nakala za rekodi hizo kwa Wakipsigis, na baadhi ya watu waliorekodiwa, au jamaa zao, walipatikana. Walipatikana kwa sababu kadi ilisema Kapkatet. Kadi ingesema “Afrika Mashariki”, au “mpakani”, pasingekuwa na pa kwenda kuuliza.

Wakusanyaji wa bembezi katika vyuo vyetu leo ni wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye simu, na fomu wanazopewa kwa kawaida huuliza kabila, wilaya, dhima ya wimbo na tarehe. Napendekeza kwa mabaraza ya utafiti na kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kuwa fomu ya bembezi iwe na maswali manne zaidi: jina la aliyeimba na kama anaridhia litajwe; uhusiano wake na mtoto; kama analipwa kwa malezi hayo; na mama wa mtoto alikuwa wapi wakati wimbo unaimbwa.